Magellan: Nahodha aliyesifiwa kwa safari asiyoimaliza

JINA la Ferdinand Magellan hutajwa katika vitabu vingi kuwa ni la mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa njia ya bahari. Sifa hiyo imedumu kwa takriban miaka 500, lakini ina kasoro moja kubwa. Magellan hakuizunguka dunia.

Aliuawa Aprili 27, 1521, akiwa amesimama ndani ya maji, katika ufuko wa kisiwa kidogo cha Mactan, Ufilipino, huku sehemu kubwa ya safari ikiwa bado mbele yake. Waliofanikiwa kuirejesha meli Hispania walikuwa watu 18 tu, na nahodha wao alikuwa mtu ambaye Magellan mwenyewe aliwahi kumtia hatiani kwa kosa la uasi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, maisha ya Mreno huyo yana jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Safari yake ya kwanza kubwa ilimpitisha katika pwani yetu. Mwaka 1505 alikuwa miongoni mwa watu wa msafara ulioiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Magellan, ambaye kwa Kireno aliitwa Fernão de Magalhães, alizaliwa kaskazini mwa Ureno karibu na mwaka 1480, katika familia ya ukoo wa heshima lakini usio na utajiri mkubwa. Akiwa bado mtoto alipelekwa Lisbon kuwa mtumishi katika ikulu ya Malkia Leonor, kama ilivyokuwa desturi kwa watoto wa koo hizo.

Lisbon ya wakati huo ilikuwa na homa ya bahari. Mwaka 1488 Bartolomeu Dias alirejea na habari kwamba bara la Afrika lina mwisho upande wa kusini na kwamba ncha yake inapitika. Mwaka 1499 Vasco da Gama naye alirudi kutoka Calicut, India, ambako alifika baada ya kupewa rubani pale Malindi. Bandari ilijaa harufu ya pilipili manga na mdalasini, na kila kijana wa ikulu alijua kwamba njia ya haraka ya kupata cheo ilikuwa ni kupanda meli.

Magellan alipanda yake Machi 1505, akiwa na umri wa takriban miaka 25. Msafara huo wa meli zipatazo 20 uliongozwa na Francisco de Almeida, aliyeteuliwa kuwa makamu wa kwanza wa mfalme wa Ureno katika nchi za India. Magellan hakuwa na cheo chochote cha kutajwa.

<b>Kilwa na Mombasa</b>

Julai mwaka huo meli hizo zilitia nanga Kilwa. Mtawala wa mji, Amir Ibrahim, alikuwa amelazimishwa na Vasco da Gama mwaka 1502 kutoa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno, na baada ya hapo hakuona sababu ya kuendelea kuitoa. Almeida alipomtaka aje kuonana naye, hakutokea. Askari walishuka, mji ukaporwa, na Amir Ibrahim akakimbia. Wareno wakamvika taji mtu waliyemtaka wao, Muhammad Ankoni, kisha wakaanza kujenga ngome.

Mombasa haikukubali kwa urahisi. Watu wake walipigana barabara kwa barabara, wakirusha mishale na kuporomosha mawe kutoka juu ya nyumba. Wareno walijibu kwa mizinga na moto. Mapaa ya makuti yaliyokuwa katikati ya nyumba za mawe yalishika haraka, na mji ukateketea kabla ya kuporwa.

Hakuna maandishi ya Magellan mwenyewe yaliyobaki kuhusu siku hizo. Lakini huo ndio ulikuwa utawala wa Kireno wa baharini alioufahamu tangu mwanzo. Kwanza mizinga, halafu rafiki mmoja anayekalishwa kwenye kiti, na moto kwa yule anayekataa. Msomaji aukumbuke utaratibu huo, kwa kuwa tutakutana nao tena mbali sana na Kilwa.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba haukudumu. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 1512 Wareno walikuwa wameiacha Kilwa.

Magellan alibaki Mashariki kwa miaka ipatayo minane. Alijeruhiwa vitani huko Cannanore mwaka 1506, akapigana katika vita kuu ya Diu mwaka 1509, na mwaka 1511 alikuwa chini ya Afonso de Albuquerque wakati Wareno walipoiteka Malacca, bandari iliyokuwa mlango wa biashara kati ya Bahari ya Hindi na China.

Kutoka Malacca aliondoka na vitu viwili vilivyoyabadili maisha yake. Cha kwanza kilikuwa ni mtu: kijana Mmalai aliyefanywa mtumwa na kubatizwa kwa jina la Enrique. Cha pili kilikuwa ni barua. Rafiki yake mkubwa, Francisco Serrão, alifika katika visiwa vya Moluccas, akawa mshauri wa sultani wa Ternate na hakutaka tena kurudi. Alimwandikia Magellan akivisifu visiwa hivyo.

Ternate, Tidore na visiwa vichache vya jirani ndivyo vilivyokuwa mahali pekee duniani palipoota mikarafuu. Unguja na Pemba hazikuwa na hata mche mmoja. Karafuu iliyofika Zanzibar ililetwa karne tatu baadaye, baada ya Wafaransa kuitoa huko na kuipanda kwanza Mauritius.

<b>Afukuzwa na mfalme wake</b>

Baada ya kurejea Ureno, Magellan alikwenda kupigana Azamor, Morocco, mwaka 1513. Alipata jeraha la goti lililomfanya achechemee hadi kufa. Huko huko alituhumiwa kuwauzia Waislamu wa Morocco mifugo iliyotekwa vitani. Tuhuma hizo zilifutwa, lakini Mfalme Manuel wa Kwanza hakumwamini tena.

Magellan aliomba nyongeza ya posho yake ya ikulu. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, lakini posho ndiyo iliyoonyesha nafasi ya mtu mbele ya wenzake. Mfalme alikataa. Aliomba apewe meli aende Moluccas, akakataliwa pia. Alipouliza kama anaweza kwenda kumtumikia mfalme mwingine, alijibiwa kwamba aende atakako.

Oktoba 1517 aliwasili Seville, Hispania. Katika muda mfupi alimwoa Beatriz, binti wa Mreno mwenzake Diogo Barbosa, na akaanza kujiita kwa Kihispania Fernando de Magallanes.

Wazo alilokuja nalo lilitokana na mkataba wa Tordesillas wa mwaka 1494, ambao Ureno na Hispania ziligawana bahari za dunia kana kwamba hazikuwa na wenyewe. Upande wa mashariki ulikuwa wa Ureno, wa magharibi wa Hispania. Magellan alidai kwamba visiwa vya karafuu viliangukia upande wa Hispania, na kwamba vingeweza kufikiwa kwa kwenda magharibi, iwapo tu ungepatikana mlango wa kupita katika bara la Amerika. Mlango huo hakuna Mzungu aliyekuwa ameuona.

Mfalme Carlos wa Hispania, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alimkubalia Machi 22, 1518. Alimwahidi sehemu moja ya ishirini ya faida na ugavana wa nchi zitakazopatikana.

Zilinunuliwa meli tano zilizokwishatumika: Trinidad, San Antonio, Concepción, Victoria na Santiago. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya tani 120 na ndogo ya tani 75, yaani vyombo ambavyo leo vingeonekana vidogo katika bandari yoyote. Matanga yake makubwa yalikuwa ya mraba, yenye nguvu upepo unapotoka nyuma, lakini mazito kuelekea upepo kuliko tanga la pembetatu la majahazi yetu.

Nahodha wa zama hizo aliweza kupima jua na kujua yuko umbali gani kutoka Ikweta. Ila umbali wa mashariki na magharibi ulikuwa ni wa kukisia, na makisio hayo yalikuja kugharimu maisha ya watu.

Watu wapatao 240 waliandikishwa. Walikuwamo Wahispania, Wareno, Waitaliano, Wagiriki, Wafaransa na wengineo. Mmoja wao, Antonio Pigafetta kutoka Vicenza, Italia, aliandika kumbukumbu ambayo ndiyo chanzo kikuu cha yale tunayoyajua. Enrique naye alikuwamo, kama mkalimani. Kabla ya kuondoka, Magellan aliandika wosia ulioagiza kwamba siku atakapokufa, Enrique awe huru.

<b>Damu katika pwani ya baridi</b>

Msafara uliacha mwambao wa Hispania Septemba 20, 1519. Makapteni wa Kihispania hawakupenda kuongozwa na Mreno, tena Mreno asiyewaambia anakokwenda. Desemba waliingia katika ghuba ya Rio de Janeiro, kisha wakashuka kusini wakichungulia kila ghuba na kila mto, bila kuuona mlango.

Mwishoni mwa Machi 1520 baridi iliwalazimisha kutia nanga San Julián, katika nchi ambayo sasa ni Argentina. Magellan alipunguza chakula na kuamuru kwamba watakaa hapo hadi baridi iishe. Usiku wa Pasaka makapteni waliasi na kuziteka meli tatu kati ya tano.

Magellan hakujadiliana. Alituma mashua ndogo kwenye meli Victoria ikiwa na barua, na kapteni Luis de Mendoza alipokuwa akiisoma, akachomwa kisu. Kapteni mwingine, Gaspar de Quesada, alikatwa kichwa. Wa tatu, Juan de Cartagena, aliachwa ufukoni pamoja na padri mmoja msafara ulipoondoka, na hawakuonekana tena. Watu wapatao 40 walihukumiwa kifo, kisha wakasamehewa kwa kuwa bila wao meli zisingeweza kwenda. Miongoni mwao alikuwa Juan Sebastián Elcano.

Santiago ilivunjika katika dhoruba miezi hiyo hiyo. Oktoba 21, 1520, meli nne zilizobaki zilifika kwenye rasi moja na kuona maji yakiingia ndani ya nchi. Safari hii hayakuwa mto. Ulikuwa ni mlango-bahari wenye urefu wa kilomita zaidi ya 550, uliojipinda kati ya milima yenye theluji. Usiku waliona mioto ya wenyeji upande wa kusini, na ndiyo sababu eneo hilo likaitwa Nchi ya Moto, jina lililo nalo hadi leo.

Ndani ya mlango huo, San Antonio, meli iliyobeba akiba kubwa ya chakula, ilitoroka na kurudi Hispania. Huko watu wake walimchafua Magellan kadiri walivyoweza, na mkewe Beatriz akawekwa chini ya uangalizi.

Meli tatu zilitokea upande wa pili Novemba 28. Magellan aliiona bahari tulivu, akaiita Pasifiki, maana yake bahari ya amani. Alidhani visiwa vya karafuu viko karibu. Kwa kweli, mbele yake ilikuwa bahari kubwa kuliko zote duniani.

Walikaa miezi mitatu na siku ishirini bila kupata chakula kibichi. Biskuti ziligeuka unga uliojaa funza na mkojo wa panya. Maji ya kunywa yalikuwa ya njano. Walibandua ngozi zilizofungwa kwenye foromali, wakazilowesha baharini siku nne au tano, wakazichoma juu ya makaa na kuzila. Walikula vumbi la mbao. Panya mmoja aliuzwa kwa nusu ya sarafu ya dhahabu, na hata hivyo hawakutosha.

Kiseyeye kiliwavimbisha ufizi hadi meno yakafunikwa. Karibu watu 20 walikufa.

Machi 6, 1521, waliiona Guam. Wenyeji walipanda melini, wakachukua walichokiona na kuondoka na mashua moja. Magellan, aliyekuwa na wagonjwa wanaokufa, alishuka na watu 40 wenye silaha, akachoma nyumba zipatazo 40 na kuua watu saba. Kisha akavipa visiwa hivyo jina la Visiwa vya Wezi.

<b>Lugha ya Enrique</b>

Siku kumi baadaye walifika Ufilipino. Machi 28, karibu na kisiwa cha Limasawa, mashua yenye watu wanane iliwasogelea. Enrique aliwaita kwa Kimalai, na walimwelewa.

Hapo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndipo kilele cha safari yote kilipo, si pale Mactan wala Seville. Kijana aliyetolewa kwao Mashariki akiwa mtumwa, akapitishwa Bahari ya Hindi hadi Ureno na Hispania, akaendelea magharibi mpaka mbele yake kukawa na watu wanaoijua lugha yake. Magellan naye, aliyekwishafika Malacca kwa kwenda mashariki, alijua maana yake. Dunia ilikuwa imekaribia kufungwa kama duara.

Aprili 7 waliingia bandari ya Cebu. Mtawala wake, Humabon, aliwataka walipe ushuru kama meli nyingine. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuja kutoka Siam alimnong'oneza mtawala kwamba awe mwangalifu, kwani watu hao ndio walioziteka Calicut na Malacca. Habari za Bahari ya Hindi zilikuwa zimefika kabla ya meli. Enrique aliyasikia maneno hayo na akaongeza kwamba mfalme wa Hispania ana nguvu kuliko wa Ureno.

Ushuru haukulipwa. Wiki moja baadaye Humabon alibatizwa kwa jina la Carlos, pamoja na mamia ya watu wake, na mkewe akapewa sanamu ya Mtoto Yesu ambayo ingali inahifadhiwa katika kanisa kuu la Santo Niño mjini Cebu.

Magellan sasa alirudia yale ya Kilwa. Alimfanya Humabon kuwa mkubwa wa watawala wote wa jirani na kuwaamuru wengine wamtii. Kijiji kimoja kilichokataa kilichomwa moto. Lapulapu, mmoja wa watawala wa kisiwa cha Mactan, alikataa pia.

Maofisa wake walimsihi asiende mwenyewe. Humabon alijitolea kupigana naye bega kwa bega, lakini Magellan alimwambia akae ndani ya mitumbwi yake aone Wahispania wanavyopigana. Alichukua watu 60 tu katika mashua tatu.

Alfajiri ya Aprili 27 maji yalikuwa yamekupwa. Miamba ilizizuia mashua mbali na ufuko, na mizinga iliyokuwa ndani yake haikuweza kufikisha risasi. Watu 49 walishuka na kutembea majini hadi nchi kavu. Pigafetta alikadiria kwamba waliowangoja walikuwa 1,500, idadi ambayo huenda aliikuza, lakini hapana shaka walikuwa wengi.

Magellan aliamuru nyumba zichomwe ili kuwatisha. Moto uliwakasirisha zaidi. Wapiganaji waligundua haraka kwamba deraya ziliwakinga wageni vifua, si miguu, wakaanza kulenga miguu. Magellan alipigwa mshale wenye sumu katika mguu wa kulia na akaamuru warudi nyuma polepole, lakini wengi walikimbia. Alibaki na wachache wakipigana ndani ya maji kwa karibu saa moja, mpaka alipokatwa mguu wa kushoto, akaanguka kifudifudi, na wakammaliza.

Humabon aliahidi kutoa bidhaa zozote ili mwili urudishwe. Lapulapu alikataa kuuza.

<b>Waliorudi</b>

Wosia wa Magellan kuhusu Enrique haukuheshimiwa. Duarte Barbosa, mmoja wa viongozi wapya, alimwambia kwamba atabaki kuwa mtumwa wa mjane wa Magellan. Siku chache baadaye, Mei 1, Humabon aliwaalika Wahispania katika karamu, na zaidi ya watu 20 wakauawa humo, Barbosa akiwamo. Pigafetta aliamini kwamba Enrique ndiye aliyepanga njama hiyo. Baada ya siku hiyo jina la Enrique linatoweka katika kumbukumbu za safari.

Waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Concepción ilichomwa, na meli mbili zikafika Tidore Novemba 1521, ambako zilijazwa karafuu. Trinidad ilikuwa ikivuja, ikabaki. Victoria iliondoka Desemba 21 chini ya Elcano, yule yule aliyesamehewa San Julián.

Elcano aliikata Bahari ya Hindi kusini kabisa, mbali na macho ya Wareno. Baadhi ya watu wake, wakiwa na njaa na meli ikiingiza maji, walitaka waende Msumbiji kuomba msaada. Wengi walikataa, wakijua kwamba kwenye ngome ya Wareno wangefungwa.

Visiwani Cape Verde, Julai 1522, walishangaa kuambiwa kwamba ni Alhamisi wakati hesabu yao ya kila siku ilisema Jumatano. Hawakuwa wamekosea. Kwa kulifuata jua kuelekea magharibi duniani kote, walikuwa wamepoteza siku nzima. Wenzao 13 walikamatwa huko na Wareno.

Septemba 6, 1522, Victoria ilirejea Hispania na watu 18. Shehena yake ya karafuu, takriban tani 26, ilitosha kufidia gharama za msafara wote. Elcano alitunukiwa posho na nembo yenye picha ya dunia inayomtaja kuwa wa kwanza kuizunguka. Magellan hakuwa na wa kumpokelea heshima. Mkewe na mwanawe mchanga, Rodrigo, walikuwa wamekwishafariki dunia.

Jina lake hata hivyo lilibaki, kwenye mlango-bahari alioupita na kwenye makundi mawili ya nyota yanayoonekana anga la kusini kama mawingu meupe. Pale Mactan kuna mnara wa kumbukumbu yake uliojengwa na Wahispania mwaka 1866, na karibu yake inasimama sanamu kubwa ya Lapulapu akiwa na silaha mkononi. Mwaka 2021 Ufilipino iliadhimisha miaka 500 ya ushindi wake. Katika masoko ya nchi hiyo samaki aina ya chewa huitwa lapu-lapu, na ni miongoni mwa samaki wanaopendwa sana.